Mwaka Aliozaliwa Tusekile

Mama yake Ambindwile Mwakibete alifariki mtoto hajaanza kutembea sawasawa. Hakuachiwa picha wala sauti ya mama huyo, aliachiwa dada. Tusekile alikuwa darasa la nne. Siku ya tatu baada ya mazishi alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kitenge cha marehemu, akateremka hadi shamba la chai la Nsyasa, akaomba kikapu. Hakurudi shule tena. Alichuma kwa mvua na kwa ukungu mpaka utomvu wa majani ukamwingia kwenye nyufa za vidole, na weusi ule haukutoka hata kwa majivu. Aliolewa, akakaa miaka mitatu bila kushika mimba, mume akamrudisha. Basi Ambindwile ndiye aliyekuwa mtoto wake. Alimsomesha hadi kidato cha nne, na siku kijana alipoajiriwa karani pale pale shambani, Tusekile alichinja jogoo, akawaambia wachumaji wenzake, "Sasa tuna mtu wetu ofisini."

Kazi ya Ambindwile ilikuwa kutunza kadi za wafanyakazi. Zilikuwa elfu moja mia moja na arobaini, ndani ya masanduku ya mbao, na yeye alizijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe. Serikali ilipouza shamba, wengi walipunguzwa kwenye ofisi, ila yeye alibaki, kwa sababu bila yeye hakuna aliyeweza kuipata kadi ya mtu.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 wenye shamba wapya walileta meneja utumishi kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Beatrice, wote wakamwita Madam. Alikuwa mlokole, mwenye sauti laini, hajawahi kusikika akimkaripia mtu. Kila mtu kwake alikuwa "mpendwa". Alipoyaona masanduku ya kadi alitabasamu kwa huruma.

"Mpendwa, dunia imeshaondoka huku. Tunaleta kompyuta itakayobeba wote hawa."

Kompyuta ililetwa, na fundi akaja nayo, kijana wa Dar aliyeitwa Joel. Joel alikaa siku moja. Alieleza kwamba mashine hii haitatumia Windows, itatumia Linux, kwa kuwa Linux ni ya bure na makao makuu hawataki kulipia leseni. Kwamba juu ya Linux itawekwa seva ya hifadhidata, yaani daftari moja kubwa ambalo kompyuta nyingine za ofisi zitaliuliza na kujibiwa. Akaingiza diski ya kwanza, akaona mvua inavyopiga bati, akapuliza viganja vyake kwa baridi. Asubuhi yake alikuwa stendi ya Tukuyu akitafuta basi. Aliacha diski mbili na kitabu cha Kiingereza kilichotolewa nakala, kurasa zingine zimefifia.

"Nani atamaliza?" Madam aliuliza.

Ambindwile alisikia mdomo wake ukijibu, "Naweza kujaribu, Madam."

Alijaribu kwa wiki tano. Alisoma kitabu kile na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kutwa nzima. Mara ya kwanza aligawa diski ngumu vibaya, ikabidi aanze upya. Mara ya pili umeme ulikatika usakinishaji ukiwa katikati, na jenereta la kiwanda lilipowaka mashine ilikuwa imesahau kila kitu. Mara ya tatu Linux ilikaa. Kioo cheusi, maandishi meupe, mstari mmoja unasubiri amri. Hakuna picha wala kitufe cha kubonyeza. Mwenye kujua neno ndiye aliyejibiwa. Jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyotegemea.

Ila seva yenyewe ya hifadhidata ilikataa. Aliiwasha, ikaamka, ikakaa pumzi mbili, ikafa. Siku nne alihangaika nayo. Hatimaye aligundua kwamba seva ilikuwa inaandika sababu ya kufa kwake kwenye faili moja lililojificha. Akalifungua. Kumbe folda ya kutunzia kumbukumbu ilikuwa mali ya mtumiaji mkuu wa mashine, na seva iliendeshwa kwa jina jingine lisilo na ruhusa ya kuandika humo. Ni sawa na kumpa mtu kazi ya ghalani, funguo ukabaki nazo mfukoni. Akaandika amri moja fupi ya kubadili mwenye folda. Akaiwasha tena. Ikakaa. Akahesabu hadi mia, bado imekaa. Akatoka nje ya ofisi akacheka peke yake kwenye manyunyu, akiwa na miaka arobaini na moja.

Baada ya hapo alifanya mambo kwa uangalifu wa mtu aliyepata mali. Aliweka neno la siri analolijua yeye tu. Aliifunga seva isijibu kompyuta yoyote isipokuwa mbili za ofisini. Kitabu kilishauri pia kwamba seva iandike pembeni kila amri inayopewa, pamoja na tarehe na saa. Haikuwa lazima. Ambindwile aliuongeza mstari huo kwenye faili la mipangilio kwa hiari yake, akamwita Madam aje kuona.

"Hapa, Madam, ukifungua faili hili unaona kila kilichofanyika. Hakuna mtu anayeweza kugusa kitu kisijulikane."

"Mungu akubariki, mpendwa," Madam alisema, akachukua kalamu akaandika jina la faili kwenye kijitabu chake.

Kikafuata kuhamisha kadi. Tatizo lilikuwa safu ya mwaka wa kuzaliwa. Kwenye kadi za zamani nafasi hiyo ilikuwa tupu kwa zaidi ya nusu ya watu, maana waliozaliwa migombani hawakuandikiwa cheti. Madam hakutaka nafasi tupu. Ambindwile akaipanga seva ikatae jina lolote lisilo na mwaka, kisha akachukua daftari, akawafuata wachumaji kwenye banda la kupimia.

Ilikuwa siku ya vicheko. Mmoja alizaliwa mwaka wa nzige. Mwingine alikuwa ananyonya vita ya Hitler ilipokwisha. Mwingine alijua tu kwamba siku ya Uhuru alikuwa ameshaolewa. Ambindwile alipiga hesabu hapo hapo kwenye kikapu kilichogeuzwa, akaandika mwaka anaoona unafaa. Wazee walitaka kuandikwa wazee. Hakuna aliyeona ubaya wake, maana mkubwa ndiye anayeamkiwa kwanza na kupewa kigoda.

Tusekile alifika na rafiki yake Vaileth. Walikuwa wamechuma mistari ya jirani miaka ishirini na sita. Vaileth alikuwa mjane. Binti yake alikufa kwa ugonjwa ule ambao hakuna aliyeutaja kwa jina, akamwachia wajukuu watatu.

"Gwe Ambindwile," Tusekile alisema, kazi kwake ikiwa "kasi" na zamani ikiwa "samani" kama kwa wakubwa wote wa huko, "niandike wa samani. Mimi ni mama yako. Na huyu Vaileth anajidai mkubwa kuliko mimi. Mwandike nyuma yangu, wote wasikie!"

"Muongo!" Vaileth alicheka hadi akashika mbavu. "Nilimkuta hapa analia kuumwa na siafu!"

Ambindwile alijua kwamba dada yake hawezi kuwa amezaliwa kabla ya mwaka hamsini. Mtoto wa darasa la nne mama alipofariki. Hesabu ilikuwa wazi. Lakini watu walikuwa wanatazama na dada alikuwa anafurahi. Akaandika 1945, akausoma kwa sauti. Vaileth akampa 1946. Banda zima likapiga vigelegele, na Vaileth akapiga goti la utani mbele ya mwenzake akimwamkia shikamoo.

Mwezi wa tano, kwenye saa saba mchana, Madam aliingia kwenye chumba cha seva na kuketi.

"Mpendwa, leo tuone matunda. Iulize mashine wafanyakazi mia mbili wenye umri mkubwa kuliko wote. Wapange kwa mwaka, wa zamani juu."

Ambindwile aliandika amri. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Majina mia mbili yalishuka kwenye kioo, na yeye akaona fahari, kazi ambayo kwa kadi ingemchukua wiki. "Hawa ni wa nini, Madam?"

"Wamepunguzwa. Makao makuu wanataka mia mbili, barua zitoke kesho. Wapewe wiki mbili wawe wametoka kwenye nyumba za kampuni." Aliinuka. "Naenda kula. Nikirudi nikute umechapa."

Alipobaki peke yake aliyapitia majina kwa kidole. Namba mia na themanini na saba: Tusekile Mwakibete, 1945.

Alimkimbilia Madam, akamkuta bado mlango wa nje akitazama mvua. "Madam, hii miaka mingine niliikisia. Watu hawaijui miaka yao. Mingine ilikuwa utani."

"Mashine inasemaje?"

"Inasema nilichoiambia mimi."

"Basi umesema, mpendwa," akajibu kwa upole, akafungua mwavuli.

Ambindwile alirudi kwenye kiti. Alikumbuka nini, hakuna ajuaye; baadaye yeye mwenyewe alidai hakukumbuka kitu, alisikia mikono tu. Mikono iliandika amri ya kubadili mwaka wa mtu mmoja, kutoka 1945 kuwa 1951. Seva ikajibu kwamba mstari mmoja umebadilishwa. Akauliza upya mia mbili. Dada yake hakuwemo.

Ila mashine iliyoombwa mia mbili haileti mia moja tisini na tisa. Aliyekuwa wa mia mbili na moja alipanda ngazi moja. Chini kabisa ya orodha liliketi jina la Vaileth.

Alilitazama. Angeweza kumwendea Madam akamweleza yote. Angeweza kumpa Vaileth naye mwaka mwingine, kisha apande wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo, kwani kila jina lilikuwa na banda la watu nyuma yake. Jenereta lilikuwa linanguruma, kiwandani majani yalikuwa yananyaushwa na harufu yake imejaa dirishani. Akafikiri, si mimi niliyemchagua, imemchagua mashine. Akabonyeza kuchapa.

Orodha ilisomwa asubuhi iliyofuata kwenye banda la kupimia, mvua ikinyesha. Aliyesoma ni nyapara mkuu, Ackson, mtu mzima ambaye sauti ilimkatika kwenye jina la nne, maana lilikuwa la mama mkwe wake. Aliyetajwa aliweka kikapu chini akapita upande wa pili. Walipita bila kelele, kama watu wanaokwenda kupokea ushirika kanisani. Ambindwile alisimama kando na karatasi za barua chini ya koti.

"Vaileth Mwambungu."

Vaileth hakuweka kikapu. Aligeuka akamtazama Tusekile aliyesimama naye bega kwa bega, akangoja. Ackson akakunja karatasi. Orodha ilikuwa imekwisha.

"Bado Tusekile," Vaileth alisema. Hakusema kwa wivu. Alisema kama mtu anayesahihisha kosa la bahati mbaya. "Wamechukua wakubwa. Tusekile ni wa arobaini na tano, mimi wa arobaini na sita. Sote tulisikia. Ambindwile aliusoma mwenyewe."

Vichwa viligeuka vyote, mstari mmoja baada ya mwingine, kuelekea alipo karani. Hakuna aliyemtukana. Tusekile alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, na Ambindwile, aliyekuwa akisomwa na macho hayo tangu akiwa na mwaka mmoja, akainamisha uso. Jibu likatosha. Vaileth alitua kikapu, akavuka. Tusekile alivua kamba ya kikapu begani, akakiweka chini, akapita upande wa pili akasimama karibu na Vaileth. Vaileth akasogea mbali naye hatua mbili.

Kabla ya saa sita Madam alikuwa kwenye chumba cha seva. Kijitabu chake kilikuwa wazi. Alikuwa amelifungua lile faili kwenye kompyuta yake, mwenyewe, bila kusaidiwa.

"Saa saba na dakika kumi na nne," alisoma. "Tusekile Mwakibete, elfu moja mia tisa hamsini na moja. Ulinionyesha mwenyewe, mpendwa. Nilishukuru sana."

Ambindwile alipiga magoti. Mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili Bulyaga, alipiga magoti kwenye saruji. "Nifukuzeni mimi, Madam. Wao waacheni."

"Simama, hatupigi magoti kwa wanadamu. Nimekusamehe." Na kweli hapakuwa na hasira usoni mwake. "Rudisha mwaka wake kama ulivyokuwa. Chapa barua yake. Umpelekee wewe, ni dada yako, itapendeza."

"Na Vaileth, Madam? Tusekile akiingia, Vaileth anatoka. Walikuwa mia mbili bila yeye."

"Barua ya Vaileth imeshatiwa sahihi. Mmoja akizidi makao makuu hawatalalamika."

"Na mimi?"

Madam alishangaa swali hilo. "Wewe nani atakufukuza? Nani mwingine anaijua mashine hii?"

Akaandika. Kutoka 1951 kuwa 1945. Mstari mmoja umebadilishwa.

Alimkuta Tusekile kwenye chumba chake cha laini, safu ya nyumba za wafanyakazi, akifunga sufuria kwenye shuka. Hakusubiri barua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma polepole kwa elimu yake ya darasa la nne, akaikunja.

"Dada, nilitaka kukusaidia."

"Ungeniacha," Tusekile alisema. "Ningetoka asubuhi ile na kikapu changu na jina langu. Vaileth angenisindikiza hadi barabarani, tungelia, tungecheka. Sasa ametoka, na mimi nimetoka, na hataki kunisalimu. Watu wanasema nilikutuma."

"Nitawaambia hukunituma."

"Waambie." Alifunga fundo la shuka kwa meno. "Nani atakuamini?"

Hakuna aliyeamini. Vaileth alikwenda Matwebe na wajukuu wake watatu, wakalala kwenye jiko la shangazi yake. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, mjukuu mdogo alishikwa na kifua, akazikwa huko huko. Ambindwile alipata habari kazini, kutoka kwa Ackson, aliyeisema akitazama pembeni. Hakwenda msibani. Alisema anaumwa.

Kazini alipandishwa cheo. Alipewa kiti cha kuzunguka na mlango wenye kitasa. Madam akimhitaji hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe, akaketi, akaomba. Mwaka uliofuata aliomba orodha ya waliougua zaidi ya siku thelathini. Kisha wanawake wenye watoto wanaonyonya. Ambindwile aliandika amri, seva ikajibu kwa kasi ile ile, naye akachapa. Hakugusa mwaka wa mtu tena. Wachumaji walipomwona akipita walimwamkia vizuri sana, kwa heshima zote, wakanyamaza hadi apotee.

Tusekile alipata kibarua cha viazi Isongole, akapanga chumba cha udongo juu kule ambako ukungu haufunguki hadi saa nne. Ambindwile alichukua zaidi ya mwaka kujipa moyo. Jumapili moja alinunua kilo mbili za sukari na miche ya sabuni, akapanda.

Dada yake alimpokea vizuri. Alimwita "Bwana Mwakibete". Akampangusia kigoda, akamwekea maji ya kunawa, akampikia ndizi na maharage, akampakulia sahani iliyojaa, na yeye akakaa mlangoni bila kula, kama mwanamke anavyokaa mgeni mkubwa akiwa ndani. Aliuliza habari za Joyce mkewe, za watoto, za mvua ya Bulyaga. Hakuuliza habari za shamba. Vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi. Udongo mwekundu ulikuwa umeingia mahali pa utomvu. Alikuwa amekonda, na alikohoa akigeukia nje.

"Dada, rudi ukae kwangu."

"Ndaga fijo, nashukuru sana, Bwana Mwakibete. Nyumba yako ina watu wake."

Alipoaga, Tusekile aliichukua sukari, akafungua mfuko, akagawa sehemu mbili kwa kikombe, sawasawa, akasawazisha kwa kidole. Sehemu moja akaifunga kwenye gazeti akamrudishia.

"Hii mpelekee Vaileth. Kwa mkono wako. Useme umeitoa wewe, usinitaje."

Akamsindikiza hadi njia kuu, akasimama pale hadi gari lilipofika, akapunga mkono mara moja.

Tukuyu stendi gari la kwenda Matwebe lilikuwa linajaza. Konda alimwona amesimama na kifurushi, akamwita. Viti viwili vilikuwa wazi. Ambindwile aliuliza saa ya kuondoka, akaambiwa sasa hivi. Akajifikiria akipiga hodi kwenye jiko lile, akawaona watoto wawili mahali pa watatu. Gari likajaa, likaondoka. Akakunja koti, akapanda kilima kwa miguu hadi Bulyaga.

"Sukari hii ya nani?" Joyce aliuliza alipofungua gazeti.

"Ni yetu," akasema.

Wakanywa nayo chai, asubuhi na jioni, ikawatosha wiki nzima.